Bakhmut haukuwa mji wa makaa ya mawe: jibu kwa msomaji wa Uvinza

Kuna msomaji kaniandikia kutoka Uvinza, Kigoma. Nanukuu: "Shikamoo mzee. Tangu 2022 nasikia Bakhmut, Bakhmut. Kila mtu anasema watu wamekufa kama kuku wa mdondo kwa ajili ya kamji ka makaa ya mawe kasichokuwa na maana yoyote, na tukasikia kuna kijana wa kwetu Tanzania naye alifia vita hiyohiyo. Wewe ulisoma huko, tuambie basi, ule mji ulikuwa wa nini hasa kabla ya hayo yote?"

Marahaba mwanangu. Kwanza nifurahi kidogo kwamba swali limetoka Uvinza maana nusu ya jibu unayo hapohapo nyumbani, utaona. Pili nikusahihishe kabla sijasahau. Bakhmut haukuwa mji wa makaa ya mawe. Uko ndani ya Donbas, lile eneo la migodi na viwanda mashariki mwa Ukraine ambako Urusi na Ukraine wanapigana, ndiyo, na Donbas ni makaa ya mawe, lakini ukifika Bakhmut habari inabadilika, chini kuna chumvi na jasi, yale mawe ya plasta. Watu wakisikia Donbas wanajumlisha yote kwenye kapu moja, vilima vya vifusi, moshi, wanaume weusi usoni. Miji ya hivyo ipo kibao, Horlivka, Makiivka, Donetsk yenyewe ambako mimi nilisoma uhandisi wa migodi miaka ya 80 enzi za Wasovieti. Bakhmut ulikuwa mwingine kabisa, na sisi wanafunzi tulikuwa tunaupenda kwa sababu hiyo, ukishuka kwenye basi unaona miti, maua, nyumba za ghorofa moja za matofali za zamani, watu hawana haraka. Wakati huo ulikuwa unaitwa Artemivsk, nitafika huko kwenye jina.

Sasa chumvi. Zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita pale palikuwa na bahari ya kina kifupi, inaingia, inakauka, inaingia tena, kila ikikauka inaacha tabaka la chumvi na la jasi, alafu udongo ukafunika juu. Ndo maana ukishuka chini unakuta kuta zenye mistari kama keki. Sehemu nyingine maji ya chini ya ardhi yanapita kwenye hilo tabaka, yanayeyusha, yanatokea juu kwenye visima na vijito yakiwa na chumvi kali. Si ndo Uvinza hiyo? Maji ya chumvi yanatoka ardhini, watu wanayachemsha mpaka yanakauka, kuni zinaisha. Bakhmut walianza hivyohivyo. Ila kwao ilikuwa nyika tupu, mpakani, Watatari wa Crimea wanapita na farasi wao kuteka watu, kwa hiyo kabla ya chumvi kulikuwa na walinzi. Kituo cha ulinzi kando ya mto Bakhmut kinatajwa mwaka 1571, enzi za Ivan, yule tsar, yaani mfalme wa Urusi, waliyemwita wa Kutisha. Jina lenyewe lina asili ya Kituruki na watu wanabishana hadi leo, wengine wanasema linatokana na aina ya farasi wa Kitatari, wengine wanasema ni jina la mtu, Mahmud limepinda ulimini. Mimi hilo la Mahmud nalipenda ila kupenda si ushahidi.

Mji wenyewe unahesabiwa kuanza na ngome ya mwaka 1703, wakati wa Tsar Peter. Na hapa inakuja hadithi ambayo ukiielewa utaona kwamba watu kufa kwa ajili ya Bakhmut si jambo lililoanza 2022. Visima vya chumvi vilikuwa vinagombewa na Makossack, wale wapiganaji wa farasi wa nyika waliojitawala, wa pande mbili, wa mto Don upande mmoja na wa Izium upande mwingine. Serikali ikawapa wa Izium. Sasa kiongozi wa Makossack pale Bakhmut alikuwa jamaa anaitwa Kondraty Bulavin, hakukubali, mwaka 1705 akavivamia vile viwanda vya kuchemshia chumvi akaviharibu. Kesi ikaenda, uchunguzi ukaja, mambo yakazidi kuchacha. Mwaka 1707 Tsar akamtuma Mwanamfalme Yury Dolgorukov kusaka watumwa wa mashambani waliokuwa wametorokea kwa Makossack, Bulavin na watu wake wakamuua usiku. Ikawa vita kamili, uasi wa Don nzima, ukaisha 1708 Bulavin mwenyewe akiwa amekufa na vijiji vingi vimechomwa. Mwanzo wake ni nini? Nani amiliki sufuria za chumvi za Bakhmut. Wanahistoria watakwambia sababu zilikuwa nyingi na ni kweli, kodi, watoro, uhuru wa Makossack, lakini kiberiti kiliwashwa pale visimani.

Usidharau chumvi mwanangu, leo unainunua dukani kwa bei ya pipi, zamani bila chumvi hakuna nyama ya kukaa, hakuna samaki wa kusafirisha, hakuna kabichi ya kula majira ya baridi, jeshi halitembei. Ukraine kulikuwa na watu kazi yao ni hiyo tu, wanaitwa chumak, wafanyabiashara wa misafara ya mikokoteni ya ng'ombe, wanakwenda wiki kwa wiki kufuata chumvi na samaki mkavu kusini wanarudi kaskazini kuuza. Usiku wanafuata nyota. Ule ukanda mweupe wa nyota tunaouona angani usiku wa giza, kwa Kiukraine mpaka leo unaitwa Njia ya Chumak. Wengine wanasema ule weupe ni chumvi iliyomwagika kutoka kwenye mikokoteni.

Baada ya Bulavin mji uliendelea, mwaka 1753 wakaletwa Waserbia wanajeshi kuja kukaa maeneo hayo kulinda mpaka, wakapewa ardhi, Bakhmut ukawa makao yao makuu. Viwanda vya kuchemsha viliendelea pia lakini vikajimaliza vyenyewe. Kuchemsha maji ya chumvi kunakula kuni usipime, misitu michache iliyokuwepo kwenye ile nyika wakaimaliza, na chumvi ya Crimea ambayo inakaushwa na jua bure ikawa rahisi zaidi. Mwaka 1782 vikafungwa. Basi kwa karibu miaka 100 mji wa chumvi ukakaa bila chumvi, ukawa mji wa wilaya wa kawaida, soko, minada ya ng'ombe, makarani, makanisa, masinagogi.

Na hii miaka 100 ya kulala ndiyo iliyoupa mji tabia yake, kwa maoni yangu. Miji mingi ya Donbas imezaliwa na kampuni. Mzungu anakuja na mtaji, anachimba shimo, anajenga mabanda ya wafanyakazi, kunakuwa mji. Donetsk ilianza hivyo 1869, na John Hughes kutoka Wales, ndo maana iliitwa Yuzovka, jina lake limetamkwa Kirusi. Sasa Yuzovka miaka yote ile ilikuwa chini ya wilaya ya Bakhmut! Ukitaka hati, ukitaka mahakama, ukitaka bwana mkubwa wa kukugongea mhuri, unafunga safari kwenda Bakhmut. Watu wa Bakhmut hawakusahau hilo kamwe, hata mimi 1987 nilikutana na mzee mmoja wa makumbusho akaniambia kwa kiburi kabisa kwamba ninyi wa Donetsk ni watoto wetu. Mimi wa Donetsk! Mtu wa Tanga mimi.

Chumvi ilirudi mwaka 1876. Wataalamu wa miamba walishaona kwamba hapo chini lazima kuna chumvi ngumu, si maji tu, wakatoboa karibu na kijiji cha Bryantsivka kaskazini ya Bakhmut wakakuta tabaka nene la ajabu. Baada ya hapo ikawa mbio, reli ilikuwa imeshafika, mgodi wa kwanza ukafunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1880, Waholanzi wakaja, Wafaransa wakaja, kila mtu na shimo lake. Kile kijiji leo ndiyo Soledar, jina maana yake zawadi ya chumvi, ila Wasovieti walikuwa wamekiita jina la mkomunisti wa Kijerumani, Karl Liebknecht, jaribu kutamka Karlo-Libknekhtovsk baada ya siku ndefu kazini. Ndani ya mji wa Bakhmut wenyewe wakawa wanachimba jasi na alabasta, mawe ya kutengenezea plasta ya ukutani. Sensa ya 1897 ilihesabu watu 19,316, wachache, lakini tayari kulikuwa na viwanda vya jasi, vya misumari, vya matofali, vya bia, na Waukraine, Warusi, Wayahudi, kila mtu na mtaa wake.

Sasa jina. Mapinduzi ya Urusi yakaja, vita vya wenyewe kwa wenyewe, mji ukabadilishana mikono mpaka watu wakachoka kubadilisha bendera. Mwaka 1920 Wabolsheviki, wakomunisti wa Lenin, wakaufanya Bakhmut makao makuu ya mkoa mzima wa Donets, ukubwa wake wa mwisho huo. Mwaka 1924 wakaubatiza Artemivsk kwa heshima ya Artem, jina lake halisi Fyodor Sergeyev. Huyu jamaa ana historia ya sinema. Alitoroka uhamishoni Siberia akapita China na Japan akaishia Australia, kule Brisbane akawa kiongozi wa vibarua na kufungwa juu, akarudi 1917 kufanya mapinduzi, akaunda jamhuri yake ya Donetsk na Kryvyi Rih iliyoishi wiki chache. Alikufa 1921 kwenye ajali ya garimoshi la ajabu, behewa limefungwa injini ya ndege na pangaboi, lilikuwa la majaribio, wakubwa walipanda kwenda na kurudi, wakati wa kurudi Moscow likaacha reli. Mwanae akalelewa nyumbani kwa Stalin. Mjini walimsimamishia sanamu kubwa ya zege iliyochongwa na Ivan Kavaleridze, mabega kama ngazi, ikavunjwa wakati wa vita kuu ya pili, baadaye wakaweka nyingine ya kawaida. Ile ya kawaida ikang'olewa 2015, na Februari 2016 bunge la Ukraine likarudisha jina la Bakhmut. Warusi mpaka leo kwenye taarifa zao wanauita Artyomovsk. Kwa hiyo ukitaka kujua mtu yuko upande gani huna haja ya kumuuliza, msikilize tu anavyoutaja mji.

Nisogee kwenye mashimo, maana hapo ndo roho ya mji ilipo. Ukichimba jasi kwa miaka 60, 70, unabaki na nini? Mapango. Makubwa, makavu, yenye nguzo zilizoachwa kushikilia dari, mita kama 72 chini ya ardhi, na joto halibadiliki, nyuzi 13 mpaka 15 iwe kiangazi iwe theluji mpaka kiunoni. Mwaka 1950 serikali ya Kisovieti ikaamua humo ndani iwekwe kiwanda cha shampeni. Inasemwa amri ilitoka kwa Stalin mwenyewe. Donbas, ambako hata zabibu ya maana haioti! Zabibu na divai zilikuwa zinakuja kwa treni kutoka Crimea, Odesa, Mykolaiv, Kherson. Kilichotakiwa ni lile shimo tu. Shampeni ya kweli inachachuka mara ya pili ndani ya chupa, inahitaji baridi isiyoyumba na giza na utulivu, chupa zinalazwa miezi, nyingine miaka, wanawake wanapita wakizigeuza kwa mkono kidogokidogo, shingo ikielekea chini ili mashapo yajikusanye kwenye kizibo. Zaidi ya hekta 25 za hayo mapango! Mamilioni ya chupa. Kiwanda kilikuja kuitwa Artwinery, Wajerumani walikuwa wanainunua sana, na ilipochukuliwa Crimea 2014 walikata kauli watumie zabibu za Odesa na kwingine, wakaendelea.

Tulipopelekwa kutembelea kilikuwa kipindi cha Gorbachev, kiongozi wa Sovieti, na kampeni yake ya kupinga pombe, mjini watu wanapanga foleni ya vodka masaa, na sisi tunatembezwa katikati ya kuta za chupa kama tunatembezwa benki kuu. Hatukuonjeshwa hata tone. Bado sijasamehe.

Lakini kuna upande mwingine wa hayo mapango na siwezi kuuruka. Wajerumani waliuteka mji mwishoni mwa Oktoba 1941. Januari 1942 Wayahudi wa mji wakaamriwa wajikusanye, wabebe vitu vyao vya thamani na chakula, waliambiwa wanahamishwa. Wakapelekwa kwenye mgodi wa alabasta pembezoni mwa mji, wanawake, wazee, watoto, wakaswagwa ndani mpaka kwenye chumba kimoja cha mwisho, wengine wakapigwa risasi, alafu mlango ukajengwa kwa matofali ukazibwa. Watu takriban 3,000. Mji ulipokombolewa Septemba 1943 ndipo ukuta ukabomolewa, na kwa sababu hewa ya mle ni kavu na ya baridi miili ilikuwa haijaoza, wakawakuta kama walivyokuwa wamesimama wakibanana. Sasa sikiliza, ni mapango hayohayo yaliyokuja kuwa ya shampeni. Kiwanda kilijengwa jirani na kaburi. Miaka ya Kisovieti hawakupenda kusema waliokufa ni Wayahudi, walisema raia wa Kisovieti, wahanga wa mafashisti, imetosha. Ni mwaka 1999 ndo kumbukumbu ikawekwa kulekule chini, kwenye ukuta wa mwamba unaotiririsha maji taratibu, wakauita Ukuta wa Maombolezo kama ule wa Jerusalem. Mimi 1987 nilipita mle na hakuna aliyetuambia kitu. Nilikuja kujua nikiwa mtu mzima na nywele zimeanza kukatika, nikakaa kimya siku nzima.

Tofauti na jasi, migodi ya chumvi iko Soledar, kama kilomita 10 na ushee kaskazini. Huko ndo nilipofanyia mafunzo ya vitendo. Unashuka kwa keji, ile lifti ya mgodini, mita 200 hadi 300, mlango ukifunguliwa unategemea weupe, kumbe chumvi ya mwamba ni ya kijivu, yenye mistari, ukimulika taa ndo inametameta. Kila mgeni analamba ukuta, hakuna asiyelamba, hata profesa wetu alilamba. Vyumba vyake ni virefu kama kanisa kuu, dari mita 30 na kitu, nguzo za chumvi zimeachwa katikati. Mahandaki yote ukiyaunga yanapita kilomita 200. Humo wameweka kila kitu, sanatoria ya watu wa pumu kwa sababu hewa ya chumvi inafungua kifua, kiwanja cha mpira, sanamu zilizochongwa kwenye chumvi, wakafanya na tamasha la muziki wa okestra, mpaka puto la hewa moto wamewahi kulirusha ndani ya chumba kimoja. Kampuni ya serikali ya Artemsil ndiyo ilikuwa inailisha karibu Ukraine yote chumvi, na nchi za jirani. Mgodi mmoja wa zamani pale Paraskoviivka, jeshi la Kisovieti liliugeuza ghala la silaha, bunduki za vita kuu ya kwanza na ya pili, mamia ya maelfu, zilizofungwa kwenye mafuta, kwa sababu chumvi inavuta unyevu na chuma hakishiki kutu. Nani angefikiri.

Basi umeona mtindo wa huu mji? Wanachimba kitu, shimo linabaki, kizazi kinachofuata kinatafuta cha kuweka mle shimoni. Divai, wagonjwa wa pumu, bunduki, maiti. Juu ya ardhi watu wanaishi kama hakuna kitu.

Na juu palikuwa pazuri, hili nasisitiza. Watu kama 71,000 kabla ya vita. Kulikuwa na kiwanda cha shaba na metali zisizo chuma, cha nguo, cha viatu, trolibasi zile basi za umeme wa waya zinapita polepole, mto mdogo wa Bakhmutka, ndio ule mto Bakhmut, unaokatiza katikati ambao kusema kweli ni mtaro mkubwa tu. Na waridi. Walikuwa na wazimu wa waridi, kuna barabara nzima ya waridi, manispaa ilikuwa inayapanda maelfu. Meya alikuwa ni yuleyule Oleksiy Reva tangu 1990, fikiria, Muungano wa Sovieti umevunjika, marais wamebadilika, yeye yupo na waridi zake. Kwa siasa watu walikuwa wamechanganyika, wengi wanaongea Kirusi nyumbani, vijijini Kiukraine, na ile ya katikati ya kuchanganya yote mawili, huwezi kuchora mstari.

2014 wale waasi wanaoungwa mkono na Urusi waliushika mji Aprili, jeshi la Ukraine likaurudisha Julai. Miezi michache baadaye ukawa mji wa nyuma ya mstari wa mbele, hospitali, maghala, na Februari 2015 wanajeshi waliotoka kwenye mzingiro wa mji jirani wa Debaltseve walitokea hapo wakiwa hoi. Alafu miaka saba ya utulivu wa ajabu. Mji ukapendeza zaidi kuliko nilivyouacha.

Sasa lile swali lako la kwa nini. Mapigano ya Bakhmut yalianza kwa nguvu Agosti 2022 na Urusi ikatangaza imeuchukua Mei 2023, miezi 10 karibu. Soledar ulianguka Januari 2023. Waliokuwa mbele ni Wagner, jeshi la kukodi la Yevgeny Prigozhin, na yeye mwenyewe alisema mchana kweupe kwamba anayoitaka ni ile migodi, mji wa chini ya ardhi wa kufichia askari na vifaru. Mimi kama mtu wa migodi naona alikuwa anajaza maneno. Ni kweli mahandaki ni mapana, lori linapita, lakini mlango ni ule wa keji na mashimo machache, ukizibwa umezikwa, na pampu na feni zinahitaji umeme. Hakuna jeshi zima la kuishi mle. Nadhani sababu ni za kawaida zaidi na za kusikitisha zaidi. Bakhmut ni njia panda ya barabara kwenda Sloviansk, Kramatorsk na Kostiantynivka, Ukraine iliona bora kumchosha adui pale kwenye nyumba za matofali na kilima cha Chasiv Yar nyuma yake kuliko uwandani, na Prigozhin alihitaji ushindi wake peke yake wa kuonyesha Kremlin. Kila upande ukishaweka damu nyingi hauwezi tena kusema samahani tumeghairi. Zelensky, rais wa Ukraine, alikwenda mjini Desemba 2022, kesho yake akafikisha bendera iliyosainiwa na askari wa pale mbele ya Kongresi ya Marekani. Mji ukawa nembo, na nembo hairudishwi nyuma. Prigozhin alisema mwenyewe amepoteza watu 20,000 pale, nusu yao wafungwa waliotolewa jela kwa ahadi ya msamaha. Agosti 2023 naye akafa, ndege yake ilianguka.

Na hapo ndo anapoingia yule kijana wetu. Alikuwa mwanafunzi Moscow, akafungwa, akapewa ile ahadi ya wafungwa, akaingia Wagner, akauawa Ukraine Oktoba 2022, serikali yetu ikathibitisha Januari 2023 na mwili ukarudishwa nyumbani. Jina lake silitaji, ana wazazi. Ila nikisoma ile habari nilijiona mimi, kijana wa Kiafrika, kwenye treni ya Kirusi, koti zito la kuazima, anadhani anakwenda kusoma.

Kilichobaki juu ni kifusi, picha za satelaiti umeziona, nyumba zimesimama kuta tu bila paa. Miti ile imekuwa vijiti. Watu wake wametawanyika, manispaa inaendesha ofisi zake miji mingine ya Ukraine. Artemsil ilisimamisha uzalishaji Mei 2022 na mnakumbuka labda, Ukraine nzima chumvi ikakatika madukani, watu wakanunua mifuko kwa mifuko, bei ikaruka, wakaanza kuagiza nje, nchi iliyokuwa inauza chumvi! Stoo iliyokuwa imebaki ya Soledar baadaye ikafungwa kwenye pakiti maalum ikauzwa kuchangia droni. Baadhi ya chupa za shampeni ziliwahi kutolewa kabla mji haujafungwa kabisa.

Umeuliza pia mwishoni, kwenye ule mstari uliouandika kwa mkato, kama chumvi imeisha. Haijaisha, iko ya kuchimba vizazi kwa vizazi. Tatizo ni maji. Mgodi wa chumvi adui yake namba moja ni maji matamu, hayo yasiyo na chumvi bado, yakiingia yanakula nguzo kama sukari kwenye chai. Muda wote mgodi unafanya kazi kuna pampu na kuna watu wanakagua kila tone linaloonekana darini. Ukizima umeme ukaondoka, na juu mabomu yametikisa miamba mwaka mzima, chumba kirefu kama kanisa kinaweza kukaa miaka kikishikilia, kinaweza pia kuporomoka na ardhi ya juu ikazama pamoja nacho. Kwa mapango ya jasi hali ni afadhali kidogo, jasi nayo inayeyuka ila polepole mno.

Nina kipande changu cha Soledar, saizi ya ngumi, nilikibeba mfukoni kwenye zamu yangu ya mwisho 1988. Kiko kabatini sebuleni, hapa Tanga. Kiangazi kinakaa kikavu, cha kijivu, mtu akikiona anadhani ni jiwe la barabarani. Masika yakianza kinatoka jasho, maji yanakusanyika chini yake, mke wangu anakiwekea sahani, na kila mwaka nikikipima kimepungua kidogo.